Anania Hakusema Neno

Kwa semesta mbili nzima sikumwambia mama yangu uongo hata mmoja. Nilikuwa mwangalifu sana juu ya hilo. Akipiga simu Jumapili baada ya Misa na kuuliza, "Uko salama, baba?" nilijibu niko salama. "Na masomo?" "Tunasukuma tu, Mama." Mtu anaweza kusukuma chochote. "Mitihani ni lini?" "Watu wanaanza mwezi ujao." Na kweli watu walikuwa wanaanza mwezi ujao. Ni vile tu mimi sikuwa mmoja wao.

Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Si kwa kukosa karo. Hiyo ingekuwa hadithi rahisi kusimulia. Nilikuwa nasomea uhasibu ambao sikuupenda, nikaanza kukosa darasa, nikaanguka somo moja, kisha matatu, na asubuhi moja nikagundua sijakanyaga darasani wiki sita na hakuna aliyeniulizia. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuwaandikia watu makala mtandaoni kwa malipo madogo. Nikahama hosteli, nikapanga chumba kimoja Githurai, na nikajiambia nitamweleza Mama mambo yakikaa vizuri.

Lakini karo iliendelea kuja. Mama anauza mitumba Kitale, na alichopungukiwa alichangiwa na wenzake wa jumuiya ndogo ndogo, Jumuiya ya Mtakatifu Monika, wanaokutana kila wiki nyumba kwa nyumba kusali rozari na kusoma Injili. Semesta ya kwanza alinitumia shilingi 31,500 kwa M-Pesa nikalipe benki mwenyewe. Ya pili, 31,500 zingine. Nilijibu kila mara: "Imefika Mama, Mungu awabariki." Na ilikuwa imefika. Ikalipa kodi ya nyumba na kununua laptopu ya mtumba. Ungenishika siku hizo uniite mwongo, ningekataa, na ningeomba unionyeshe ni neno gani nililosema ambalo si la kweli.

Hebu sasa fungua Matendo ya Mitume, sura ya 5. Wengi tunaijua hadithi ya Anania na Safira kwa juu juu: watu wawili waliodanganya juu ya pesa wakafa. Waumini wa kwanza wa Yerusalemu walikuwa wakiuza mashamba na nyumba zao na kuweka fedha miguuni pa mitume, ili asiwepo mwenye shida kati yao. Anania naye akauza mali, akabakisha sehemu ya fedha, mkewe akijua, kisha akaleta iliyobaki akaiweka miguuni pa mitume kama wengine. Petro akamuuliza kwa nini Shetani amemjaza moyo. Anania akaanguka, akafa.

Nilipoisoma tena nikiwa Githurai, kuna kitu kilinishtua ambacho sikuwahi kukiona. Anania hasemi neno. Rudia aya hizo polepole. Mwandishi hakumwekea mdomoni hata neno moja. Hasemi "hizi ndizo fedha zote." Anakuja, anaweka, ananyamaza. Uongo wote uko kwenye ile namna ya kuweka. Aliacha watu waone wanachotaka kuona, na Petro akauita uongo, tena akasema haukuambiwa wanadamu bali Mungu.

La pili linauma zaidi. Petro anamkumbusha kwamba mali ilikuwa yake kabla hajaiuza, na baada ya kuuza fedha bado zilikuwa mikononi mwake. Maana yake hakuna aliyemlazimisha kutoa. Angeleta nusu, aseme hii ni nusu, aende nyumbani ale chakula cha jioni na Safira. Hakuuawa na ubahili. Alitaka jina la mtu aliyetoa vyote bila kutoa vyote. Mimi pia, hakuna sheria ya Mungu wala ya Mama inayosema lazima mtu amalize chuo. Kuacha kulikuwa kwangu. Nilichotaka ni kuacha chuo na bado nibaki kijana wa jumuiya aliye chuo.

Kuna jambo la ajabu kuhusu hadithi hii kwa sisi Wakatoliki. Ukienda Misa za kila siku wakati wa Pasaka, wiki ya pili tunasoma Matendo. Jumanne tunasomewa habari za Barnaba, Mlawi wa Kipro, aliyeuza shamba lake akaleta fedha kwa mitume. Somo linaishia hapo, mwisho wa sura ya 4. Jumatano tunaanzia sura ya 5, aya ya 17. Anania na Safira tumewaruka. Silaumu waliopanga masomo, kuna mengi yasiyoweza kuingia. Ila matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kwenda Misa kila siku ya maisha yake, amjue Barnaba, asikutane na Anania. Na katika maisha ya kawaida, huyu wa pili ndiye tunayefanana naye.

Sasa, msomaji anaweza kuniuliza: kwani kunyamaza ni dhambi? Swali zuri, kwa sababu Kanisa limelifikiria kwa karne nyingi, na halikubali majibu ya haraka ya upande wowote.

Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu mwaka 420. Msimamo wake ni mkali: uongo ni uongo, hata ule wa kumsaidia mtu. Alijua Biblia ina kesi ngumu. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, walimdanganya Farao ili watoto wa kiume wasiuawe, na Mungu akawatendea mema. Rahabu aliwaficha wapelelezi, akawaelekeza askari njia isiyo yao. Augustino alijibu kwamba Mungu aliwalipa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Na sisi Wakatoliki tuna kitabu cha Tobiti kinachoongeza utata: malaika Rafaeli mwenyewe anajitambulisha kwa mzee Tobiti kama Azaria, mtu wa ukoo wao. Wanateolojia wamelizungukia hilo kwa muda mrefu.

Lakini Augustino anatoa mfano mmoja ninaoupenda kuliko hoja zake zote. Tagaste, mji alikozaliwa, ambao leo uko Algeria, uliwahi kuwa na askofu aitwaye Firmus. Askofu huyo alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa. Watumishi wa Kaisari walipokuja kumuuliza, hakusema hayupo. Alisema hawezi kudanganya, na hawezi kumtoa mtu huyo. Wakamtesa. Hakubadilisha jibu. Mwishowe alipelekwa mbele ya Kaisari, ambaye alivutiwa naye hivi kwamba yule aliyefichwa akasamehewa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyo hiyo. Inakataza uongo, na pia inasema hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kuna siri za watu, kuna amani ya watu, kuna mambo ambayo upendo wenyewe unataka yanyamaziwe. Kwa hiyo ndiyo, kuna kunyamaza kutakatifu. Firmus alinyamaza.

Ila angalia tofauti. Firmus aliwaambia wazi kwamba kuna kitu hawaambii. Hakuwaacha waende zao wakiamini wamejibiwa. Na alinyamaza mbele ya watu ambao ukweli ule haukuwa wao, kisha gharama akailipa kwa mwili wake. Mimi nilitumia kunyamaza mbele ya mtu ambaye ukweli ulikuwa wake, kwa sababu ulinunuliwa kwa pesa zake, na gharama nikamwachia yeye. Tangu hapo nimeacha kujiuliza kama nilichosema ni kweli. Najiuliza ukweli huu ni wa nani, na kama mwenyewe yuko mbele yangu akiusubiri.

Halafu kuna Safira. Saa tatu hivi baada ya mumewe kufa anaingia, hana habari. Petro anamuuliza kama waliuza kwa bei ile. Anasema ndiyo. Yeye ndiye pekee anayetamka uongo kwa mdomo, na anautamka kwa ajili ya mpango ambao mumewe ndiye aliyeuweka miguuni pa mitume. Safira wangu alikuwa dadangu mdogo. Alikuwa kidato cha tatu, akasikia habari zangu kutoka kwa mtu niliyesoma naye, akanipigia simu akilia. Nilimwomba asiseme. Nilimwambia nitajipanga. Kwa hiyo Mama alipomuuliza kama ndugu yake yuko sawa huko chuoni, ilibidi atamke lile neno ambalo mimi nilijivunia kutolitamka. Mikono yangu ilikuwa safi kwa sababu yake zilikuwa chafu.

Kwaresima hiyo niliingia kanisa moja hapa Nairobi kuungama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kuungama uvivu, kiburi, na lile jambo la chuo nilipitishe katikati, kama mtu anavyoficha noti iliyochanika ndani ya bunda. Padri alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: hizo pesa zilikuwa za nani? Nikasema za mama. Akasema, "Za mama peke yake?"

Nilikuwa nimeenda kutafuta wepesi. Watu wengi tunaungama hivyo, mzigo utoke kwangu uende kwa Mungu, na yule niliyemkosea asiwe kwenye hesabu kabisa. Lakini hilo si fundisho la Kanisa. Katekisimu inasema wazi kwamba maondoleo yanafuta dhambi, ila hayarekebishi kila kilichoharibiwa na dhambi. Aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mtu alisafishe. Sheria ya Musa ilishasema hivyo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5: aliyemkosea mwenzake aungame, kisha arudishe chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Kuungama na kurudisha viko katika sentensi moja. Zakayo alilijua hilo, ndiyo maana akiwa amesimama mbele ya Yesu hakusema tu anajuta. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Nami nikapiga hesabu yangu. 63,000, sehemu ya tano yake ni 12,600. Jumla 75,600. Wakati huo nilikuwa na shilingi elfu moja mia nane.

Nilimwambia Mama siku mbili kabla ya Pasaka. Alikuwa anakunja masweta ya watoto, anayapanga kwa ajili ya soko. Nilisema yote kwa sentensi tatu, kwa sababu nilijua nikianza kueleza nitaanza kujitetea. Hakusimamisha mikono. Alikunja sweta jingine, na jingine, kisha akauliza, "Dadako alijua?"

Katika kujitayarisha kwangu kote, sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ndiyo.

Alikaa kimya, halafu akasema: "Kila Ijumaa nilikuwa nafunga kwa ajili ya mitihani yako. Ijumaa zote hizo." Akaingia ndani.

Mimi aliniongelesha baada ya siku mbili. Dadangu ilimchukua Mama hadi Agosti. Nilipomuuliza kwa nini mimi nisamehewe mapema, alinijibu bila kupandisha sauti: "Wewe ulikuwa mbali. Yeye alikuwa anakula na mimi." Sijapata jibu la hilo mpaka leo.

Siku hizo nilimfikiria sana Augustino, maana kuna jambo kumhusu ambalo watu hawalitaji wanapomnukuu juu ya uongo. Mwaka 383, akiwa bado hajafika miaka 30, alitaka kuondoka Kartago aende Roma. Monika, mama yake, alimng'ang'ania asiende, au waende wote. Augustino akamdanganya. Alimwambia anamsindikiza tu rafiki anayesubiri upepo wa kusafiri, akamshawishi alale kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari. Usiku ule Monika akiwa anasali na kulia, meli ikaondoka na mwanawe. Asubuhi hakumkuta. Huyu huyu ndiye aliyekuja kuandika kwamba hakuna uongo unaoruhusiwa, hata wa huruma. Zamani nilimwona mkali kupita kiasi, mtu wa vitabu asiyejua maisha. Sasa naona huenda aliyajua vizuri mno. Monika alimfuata hadi Italia, akafa Ostia mwaka 387. Miaka kumi hivi baadaye Augustino aliandika habari ya usiku ule mwenyewe, kila mtu asome, bila kujipunguzia: alisema alimdanganya mama, tena mama wa aina ile.

Zilibaki zile pesa za jumuiya, na hapo ndipo ukweli ulipoacha kuwa jambo langu na Mama tu. Mama aliniomba nisiende kwao. Alisema, "Hao ndio watu nitakaozikwa nao." Nikakwama. Nikienda, aibu ni yake kuliko yangu, mimi nitapanda basi nirudi Nairobi. Nisipoenda, yeye ndiye sasa atakayekuwa anakaa kwenye rozari kila wiki akificha. Nilikuwa nimemtoa dadangu kwenye nafasi ya Safira nikamweka Mama. Sikutaka pia kujifanya shujaa wa ukweli kwa gharama ya mwanamke wa sokoni. Nikasubiri. Baada ya wiki tatu akanipigia: "Njoo Jumamosi. Useme mwenyewe."

Nilisema mwenyewe, katika sebule ya mtu, watu kumi na wanne na watoto. Mzee mmoja alishukuru, akasema tuendelee na sala. Mama mmoja aliyetoa mia tano semesta zote mbili alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Hakuna aliyenifokea. Nilirudi Nairobi nikidhani yamekwisha.

Miezi michache baadaye binti wa jumuiya hiyo hiyo alipata barua ya kujiunga na chuo. Walipochanga, ilipatikana kidogo sana. Mama aliniambia kwa simu, bila kunilaumu, kwamba watu wanasema heri wasubiri waone kwanza. Binti yule hakuwa na kosa lolote.

Usiku ule nilijiambia ningenyamaza ingekuwaje. Angepata mchango wake. Hiyo ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Lakini Biblia haijawahi kuniahidi kwamba ukweli utaangukia wenye hatia peke yao. Nathani alipomkabili Daudi juu ya Uria na Bathsheba, Daudi alikiri, na papo hapo akaambiwa Bwana amemwondolea dhambi yake. Aya inayofuata inasema mtoto atakufa. Msamaha na matokeo vinafuatana bila hata kupumua, na matokeo yanamwangukia asiyekuwepo. Nimesikia wahubiri wakiipita aya hiyo haraka, na nawaelewa. Mimi naisoma hivi: kuungama hakukumletea binti yule hasara. Hasara niliianzisha siku nilipojibu "imefika." Imani ya watu wale ilikuwa imeshatumika Githurai, ilikuwa haipo tena, ila hawakuwa wamejua. Ningenyamaza wangechanga kwa imani isiyokuwepo, na siku ya kugundua ingefika tu, pengine yeye akiwa katikati ya masomo.

Kwa hiyo tulikubaliana na Mama kwamba zile 75,600 zisirudi mfukoni mwa mtu mmoja mmoja. Ziende kwenye karo ya binti yule, na mweka hazina wa jumuiya aandike kila zinapoingia. Kufikia leo nimelipa 22,000. Zimebaki 53,600. Kuna miezi natuma elfu mbili, kuna miezi situmi kitu, na miezi hiyo lazima nipige simu niseme situmi. Hiyo ndiyo ngumu kuliko yote. Kuungama mara moja nikilia kulikuwa rahisi. Kumpigia mweka hazina tarehe tano na kumwambia "mwezi huu sina" kunanitoa jasho.

Mama bado anapiga Jumapili baada ya Misa. Haulizi tena masomo. Anauliza, "Kazi je?" Wiki iliyopita nilianza kusema tunasukuma, nikajishika.

"Hakuna, Mama. Wiki mbili sasa."

Akanyamaza kidogo.

"Sawa. Umekula?"

Nikamwambia nilichokula.